Bosi Anayechukua Elfu Kumi Bila Kuandika

Saa nne asubuhi mwenye duka anapita kaunta, anavuta droo, anachukua elfu kumi ya mafuta, anaondoka zake. Mchana anamtuma mtoto aje achukue elfu tano ya mboga. Jioni shemeji anapiga simu ana shida, anatumiwa elfu ishirini kutoka kwenye laini ya duka. Hakuna kilichoandikwa popote. Duka ni lake, hela ni yake, nani amuulize? Usiku wakifunga, hesabu inapelea elfu arobaini na mbili. Hapo ndipo anakunja uso na kumgeukia kijana wa kaunta: "Shoti hii imetoka wapi?"

Kijana anajua elfu thelathini na tano zilikokwenda. Dada wa stoo anajua. Hata anayefagia anajua, maana alikuwapo droo ilipovutwa. Wasichokijua, na ambacho hakuna atakayekijua tena, ni zile elfu saba zilizobaki. Huenda ni chenji iliyokosewa, huenda ni mzigo uliotoka bila kulipiwa, huenda kuna mtu kazitia mfukoni. Bosi mwenyewe amefuta njia ya kuzifuatilia. Na wanapoinamisha macho mbele yake asidhani wanaogopa. Wengi wanamstahi tu, wasimwambie hadharani kwamba wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Nimeanza na droo kwa makusudi. Siku hizi mjini semina za uongozi kwa wajasiriamali haziishi. Watu wanalipa kiingilio, wanafundishwa kusimama wima, kumtazama mtu machoni, kutoa sauti kifuani na kuvaa kibosi. Si mambo mabaya, na mwenye haya nyingi huenda yakamfaa. Lakini nimewaona mabosi wenye sauti ya kutikisa bati ambao vijana wao wanaendesha biashara ya pembeni ndani ya duka hilo hilo, na namfahamu mama mmoja wa duka la vitenge anayeongea taratibu hadi inabidi umsogelee, na hakuna dukani kwake anayethubutu kuondoka kabla hesabu haijasainiwa. Kwa maoni yangu mamlaka ya mwenye biashara ndogo yanatokana na jambo moja ambalo wengi hawalipendi: yeye mwenyewe kukubali kubanwa na utaratibu wa duka lake. Akishabanwa yeye, anapata uso wa kumbana mwingine. Kujiamini kunakuja baadaye, tena kwenyewe, kwa sababu mtu anayezijua hesabu zake hahitaji kubahatisha anapouliza.

Wengi hujitetea hivi: "Mimi sijilipi mshahara, nakula kidogo kidogo." Huo "kidogo kidogo" mara nyingi ndio mshahara mkubwa kuliko yote dukani, ila hauna tarehe, hauna kiwango, na hauna saini. Ajilipe. Apange kiasi ambacho duka linakimudu hata mwezi mbaya, na kikiisha kimeisha. Akihitaji zaidi achukue kama anavyochukua mfanyakazi anayeomba advansi: aandike kwenye daftari lile lile, tarehe, kiasi, sababu, saini. Siku kijana wa kaunta anapofungua daftari na kukuta jina la bosi kwenye orodha ya wanaodaiwa na duka, swali la shoti linabadilika uzito.

Kuna duka la vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, ambalo hufunga hesabu kwa namna iliyonivutia. Milango ikishateremshwa nusu, watu wawili wanasimama kaunta, muuzaji na mwingine yeyote aliyekuwa zamu. Noti zinapangwa kwa aina, za elfu kumi kwanza, kisha elfu tano, kushuka mpaka sarafu. Salio la Lipa Namba, yaani la malipo ya simu, linasomwa kwa sauti. Kila mmoja anaandika jumla yake kwenye kikaratasi bila kumwonyesha mwenzake, kisha vikaratasi vinawekwa mezani kwa pamoja. Zikilingana wanasaini. Zikipishana wanahesabu upya pale pale, hakuna anayekwenda nyumbani na shaka. Mwenye duka akiwapo naye huandika kikaratasi chake. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na sioni angeipaza kwa lipi, kwa kuwa ubishi wote unamalizwa na karatasi mbili.

Linganisha na ile tabia iliyozoeleka ya kukata shoti yote kwenye mshahara mwisho wa mwezi, bila maelezo, kana kwamba ni faini ya barabarani. Wenye maduka wengi hawajui kwamba sheria imelizungumzia jambo hili kwa undani. Hapa Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakiruhusu mwajiri kukata hasara kwenye mshahara mpaka masharti yatimie: hasara iwe imetokea mtu akiwa kazini na kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi kilivyopigiwa hesabu, na apewe nafasi ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kijana anayelipwa 240,000 hawezi kukatwa zaidi ya 60,000, hata kama shoti ni laki mbili. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu, lakini kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Sheria zote mbili zinamuuliza bosi swali moja kabla hajagusa mshahara: ulimkabidhi lini, na ushahidi uko wapi?

Nasikia watu wakilalamika kwamba sheria hizi zinawalinda wezi. Sikubaliani. Bosi anayeweza kusema "tarehe 14 ulipokea katoni kumi na mbili, ukasaini, umeuza saba, stoo ziko nne, nieleze hiyo moja" ana nguvu kuliko bosi anayesema "mnaniibia sana nyie". Wa kwanza anamsemesha mtu mmoja kuhusu katoni moja. Wa pili amewatukana wote, wasio na hatia wakiwemo, na kesho hao wasio na hatia hawataona sababu ya kumlindia mali.

Jambo jingine lisilotajwa kwenye semina ni risiti. Mwenye duka anamwelekeza kijana wake: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itolewe mteja akiiomba tu, na akiomba, muulize kama anataka ya bei yote au ya nusu. Kijana anaelewa haraka. Anajifunza kwamba dukani humu kuna hesabu mbili, ya kuonyesha na ya kweli, na kwamba mtu mwerevu ni yule anayejua ipi ya kumpa nani. Miezi michache baadaye bosi anagundua kwamba kijana naye ana hesabu mbili. Anaita wizi. Ni wizi kweli, lakini darasa alilifungua yeye. Najua mzigo wa kodi ulivyo, na najua wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 wakilalamikia namna wanavyotozwa na kukaguliwa. Malalamiko hayo yana pahala pake. Ninachosema ni kwamba huwezi kumfundisha mtu kuficha mauzo mchana halafu usiku umtake akuonyeshe yote.

Hapo ndipo kinapoingia cha juu. Bidhaa bosi ameipangia 28,000 kichwani mwake, haijaandikwa bei, kijana anaiuza 33,000, tano zinabaki kwake. Kwa maduka yanayouza kwa kupatana bei hili ni jambo la kila siku, na wako mabosi wanaolijua na kulinyamazia kwa sababu linawaruhusu kulipa mshahara mdogo. Halafu wanalalamika kwamba wateja hawarudi. Dawa yake si kumvizia kijana. Amua bei ya kuanzia na bei ya mwisho, iandike nyuma ya lebo kwa alama zenu za dukani kama wafanyavyo wengi, na mwachie muuzaji uwanja uliopo katikati kuwa wake kuamua. Anayelazimika kusema "ngoja nimpigie bosi" kila mteja anapoomba apunguziwe elfu moja hana hadhi mbele ya mteja, na bosi wake amejifunga minyororo ya simu siku nzima. Kama unataka kumpa motisha ya kuuza bei nzuri, mpe asilimia inayojulikana, iandikwe. Cha juu kikihalalishwa kwa maandishi kinakuwa kamisheni, na hakuna tena cha kufichana.

Sasa mshahara, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mamlaka ya mabosi wengi hufia hapa. Mshahara wa vipande naona ni ugonjwa wa biashara ndogo zetu. Tarehe 30 inafika, mzigo umekwama bandarini au mteja mkubwa hajalipa, bosi anasema "chukua hii elfu thelathini kwanza". Tarehe 4, elfu ishirini. Tarehe 9 mfanyakazi anaumwa mtoto, anapewa elfu kumi na tano, haijulikani kama ni msaada au ni sehemu ya mshahara. Tarehe 15 anaomba nauli. Mwezi unaofuata unaanza kabla huu haujafungwa. Ukiwauliza wote wawili mwezi wa tisa kwamba nani anamdai nani, kila mmoja atakuapia kwamba anadai yeye, na wote watakuwa wanasema kweli kwa kadiri wanavyokumbuka.

Tazama kinachomtokea bosi wa namna hii. Kijana akichelewa hamgombezi, kwa kuwa anajua kijana atajibu "sina nauli". Akikosea hesabu anasitasita. Akitaka kumwachisha kazi inabidi kwanza atafute hela ya kumlipa. Mwajiri amegeuka mdaiwa, na mdaiwa haamrishi. Upande wa pili, mfanyakazi amegeuka mwombaji. Kila asubuhi anapima sura ya bosi kabla ya kuomba haki yake. Wengine huishia kwenye mikopo ya kausha damu, wanadaiwa kila siku jioni, na mtu anayedaiwa kila jioni akiwa amesimama mbele ya droo ya mtu mwingine yuko kwenye jaribu ambalo bosi amemtengenezea kwa mkono wake.

Kama biashara haiwezi kulipa laki tatu tarehe 30, basi ajiri kijana mmoja badala ya wawili, au mkubaliane malipo ya kila wiki Jumamosi, lakini siku ikifika ilipwe yote. Namjua mwenye gereji ambaye miezi ya mvua kazi zikipungua huwaita mafundi wake mapema, tarehe 10 hivi, anafungua daftari mbele yao, anawaambia kilichoingia na kilichotoka, na kwamba mwezi huu mshahara utachelewa wiki moja, si zaidi. Na hauzidi. Mafundi wake wananung'unika kama mafundi wote, lakini hawajamkimbia, na sioni siri nyingine zaidi ya hiyo ya kutimiza tarehe aliyoisema mwenyewe.

Kuna mabosi wanaodhani ukali ndio uongozi, na wanapomkosoa mtu lazima iwe mbele ya wateja, kwa sauti, pamoja na kumtajia kwao na kiwango chake cha elimu. Nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya jambo hilo. Mwaka 1971 TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ilitoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Ulilenga viongozi wa chama na wa mashirika, lakini wafanyakazi wa viwandani wakauchukua wakaufanya wao. Ikazuka migomo, mameneja wakafungiwa nje ya mageti, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakitwaa kiwanda. Masuala ya maslahi yalikuwamo, lakini lililosikika kwa nguvu katika migomo ile ni namna mtu anavyosemeshwa na kutendewa kazini. Duka la watu wanne haliwezi kugoma kwa mabango. Linagoma kwa namna yake: mteja anaambiwa "haipo" wakati ipo, mzigo unapangwa ovyo, simu ya mteja inaita hadi inakata. Bosi aliyemtukana mtu saa tatu asubuhi hataona uhusiano.

Na kuna mabosi wa aina nyingine, ambao naona ndio wengi zaidi: hawatukani, ila hawasemi. Wanaogopa macho ya mfanyakazi. Wanasema kwa mafumbo, wanamtuma mpishi amwambie mlinzi amwambie dereva. Siku hizi wamepata WhatsApp. Kijana amechelewa, bosi anaweka status: "Kuna watu ukiwasaidia wanakuona mjinga. Mungu anawaona." Wafanyakazi wote watano wanaisoma, kila mmoja anajiuliza kama ni yeye, isipokuwa yule mlengwa, ambaye kwa kawaida hudhani anasemwa mwenzake. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Anayeshindwa kumwambia mtu neno moja uso kwa uso leo, kesho atalipuka na maneno mia, mengi yao yasiyohusu kosa la siku hiyo.

Ugumu huu huongezeka bosi anapokuwa mdogo kwa umri. Karakana nyingi za samani pale Keko zina mafundi waliozishika randa kabla ya wenye karakana hawajazaliwa. Nilimsikia binti mmoja mwenye karakana akizungumza na fundi wake, mtu wa makamo aliyemzidi miaka isiyopungua ishirini na tano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu, umeamkaje?"

"Salama. Mzee, kitanda cha yule mteja wa Mbagala tulimwahidi Alhamisi. Leo Jumatano na ubao wa kichwani haujapigwa msasa."

"Mbao zilikuja mbichi, bosi."

"Zilikuja Jumatatu, na hukunipigia. Zikija mbichi nipigie siku hiyo hiyo, nimwambie mteja kabla hajanitafuta. Sasa nampigia kumwomba radhi, lakini nataka siku nitakayomtajia isirudi nyuma tena. Unaniambia lini?"

Mzee akautazama ule ubao, akaugusa kwa kiganja. "Jumamosi jioni."

"Naandika Jumamosi saa kumi."

Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa kazi ukutani, akatoa simu, akampigia mteja pale pale, fundi akisikia. Shikamoo haikumpunguzia kitu. Wako vijana waliosoma biashara wanaodhani kumwamkia mfanyakazi kunawashusha, wakaacha, na wazee wakawachukia kwa hilo kabla hata ya kazi kuanza. Wako na wengine wanaojificha nyuma ya shikamoo, wakishaitikiwa marahaba wanaona aibu kuuliza kitanda kiko wapi. Binti huyu alitoa heshima ya umri yote, kisha akauliza kazi yote. Alisema "tulimwahidi", hakusema "umeniangusha". Aliutaja upungufu mmoja, wa kutopiga simu, na akaacha fundi mwenyewe ataje siku. Siku aliyoitaja mtu mwenyewe inambana kuliko aliyopangiwa. Na ile simu ya kuomba radhi, ambayo ni mzigo wa bosi, aliibeba yeye bila kumsukumia mzee.

Ndugu sitawasemea sana, kila mtu ana kisa chake. Mdogo wake mke anayeingia saa nne wakati wengine wanaingia saa moja na nusu ameshavunja saa ya kuingia kazini kwa watu wote, na hakuna tangazo la ukutani litakaloirudisha. Kama ni msaada wa kifamilia, mpe msaada nyumbani, usiuandike kwenye orodha ya mishahara. Kama ni kazi, basi kanuni imguse yeye kwanza, tena wengine wakiona. Na mume na mke wanaoendesha duka pamoja wagawane mambo, huyu manunuzi, yule watu, kwa sababu kijana anayepewa maagizo mawili tofauti kabla ya saa sita atachagua lile jepesi.

Ugumu wa kweli unakuja biashara inapokua. Sera ya taifa ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 iliweka mpaka: biashara yenye watu mmoja hadi wanne ni ndogo sana, yenye watano hadi arobaini na tisa ni ndogo. Sidhani waliochora mpaka huo walikuwa wakifikiria mamlaka, lakini umeangukia mahali pake. Mkiwa wanne bosi anaona kila kitu kwa macho. Anajua nani amenuna, nani ana mgeni nyumbani, katoni ipi imepungua. Wa tano na wa sita wakiingia, na hasa tawi la pili likifunguliwa, macho hayatoshi tena, na bosi aliyekuwa akitawala kwa kuwapo dukani anajikuta hana chombo kingine.

Wengi hukimbilia kamera. Bosi yuko nyumbani Mbezi, simu mkononi, anatazama duka la Kariakoo. Anapiga: "Wewe, mbona umekaa?" Kijana alikuwa ameketi kwa kuwa hakuna mteja na amesimama tangu asubuhi. Baada ya wiki mbili wanajifunza kona ambazo kamera haifiki, na wanajifunza pia kuonekana wana shughuli, ambayo ni kazi tofauti kabisa na kuuza. Kamera inafaa kwa usalama na kwa kumaliza ubishi kuhusu jambo lililotokea. Haiwezi kuwa msimamizi.

Kinachohitajika tawi la pili ni mtu mwenye mamlaka halisi, na mabosi wengi hapo hushindwa kuyatoa. Wanamteua msimamizi, wanamwongezea elfu hamsini, kisha kila mfanyakazi anaendelea kumpigia bosi moja kwa moja. Mmoja anataka ruhusa, msimamizi amekataa, bosi anakubali kwenye simu kwa sababu anapenda kuonekana mwema. Kuanzia siku hiyo msimamizi ni jina tu. Kama kweli umemkabidhi, jibu la simu ile ni moja: "Umeongea na msimamizi wako? Amesemaje? Basi ni hivyo hivyo." Hata kama wewe ungeamua tofauti. Tofauti yenu mtaizungumza wawili, jioni, mlango ukiwa umefungwa. Andika na mipaka yake: anaweza kutoa ruhusa ya siku ngapi, anaweza kupunguza bei hadi wapi, anaweza kutumia kiasi gani bila kuuliza. Ikiwa ni 50,000, basi akitumia 48,000 usimhoji kana kwamba ameiba, muulize risiti tu.

Mwisho wa yote ni kumwachisha mtu kazi, na hapa naona makosa mawili yanayofanana kwa matokeo. Kuna anayefukuza kwa hasira saa hiyo hiyo, "chukua mkoba wako uondoke", na kuna anayekaa miaka miwili akimvumilia mtu ambaye kila mmoja dukani anajua hafanyi kazi. Wa kwanza huishia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake, na sheria humtaka mwajiri aonyeshe vitu viwili, sababu halali na utaratibu wa haki. Sababu anaweza kuwa nayo, utaratibu hana hata karatasi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtu aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, asikilizwe, na aruhusiwe kuja na mwenzake. Kwa duka la watu sita hiyo ni barua ya ukurasa mmoja na kikao cha nusu saa. Aliyevumilia miaka miwili hapelekwi popote, lakini wafanyakazi wake wazuri ndio wanaoondoka, na hawamwambii sababu.

Ukishaamua, mwambie mwenyewe, mezani, usimtumie ujumbe wala msimamizi. Kwa anayelipwa kwa mwezi na aliyepita mwezi wake wa kwanza kazini, notisi isipungue siku 28, au malipo yake. Mlipe siku alizofanya kazi, likizo aliyoilimbikiza na stahili nyingine za kisheria kama zipo, mpe na cheti cha utumishi, kwa kuwa ni haki yake. Wenzake waambie kwa sentensi mbili kwamba fulani hatakuwa nasi na kazi zake atazishika nani, bila kumsimulia. Kabla hajaondoka mzigo uhesabiwe akiwapo, asaini alichoacha, na namba ya siri ya laini ya duka ibadilishwe jioni hiyo hiyo.